Bomba la alumini kwenye njia ya mafuta: lifungwe wapi, lisifungwe wapi

SWALI: Nina Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, niko Arua. Bomba la chuma linaloleta dizeli kutoka tangini limeoza juu ya fremu, na asubuhi gari linasumbua kuwaka. Duka moja la spea Kampala limeniuzia roli ya bomba la alumini. Muuzaji anasema ndilo linalofungwa kwenye magari ya mashindano na halishiki kutu. Fundi wangu hapa amekataa kulifunga, anasema alumini ni ya sufuria. Nani mkweli? Kama linafaa, nichague saizi gani na lifungwe vipi? Kipande kitakachobaki nataka kukitumia kwenye breki ya nyuma, maana bomba la huko nalo limechakaa. (Dereva mstaafu wa jeshi)

JIBU: Jambo afande. Nitaanza na mwisho wa swali lako, kwa sababu huko ndiko kuna kifo. Hiyo alumini isiguse breki hata kwa sentimita moja. Ukikanyaga breki kwa nguvu, presha ndani ya bomba hupita baa 100, na inapanda na kushuka kila unapokanyaga na kuachia. Alumini laini haivumilii mchezo huo. Inachoka, inapasuka mdomoni pale nati inapobana, na haitakupa onyo. Tena hata saizi haziingiani: mabomba mengi ya breki ya gari dogo yana kipenyo cha milimita 4.75, na roli yako bila shaka ni ya 8 au 10. Ukimwona mtu anatoboa nati ya breki kwa drili ili bomba nene lipite, mnyang'anye drili. Kopa ya friji nayo isiingie huko. Nunua bomba la chuma la breki lenyewe, au lile la mchanganyiko wa kopa na nikeli ambalo linakunjika kirahisi na haliozi. Hayo mawili tu.

Sasa mafuta. Muuzaji na fundi wako kila mmoja ameshika nusu ya habari. Alumini inaweza kupitisha dizeli kutoka kwenye tangi hadi karibu na filta ya 1HZ, na ikafanya kazi hiyo miaka mingi. Tatizo lake ni mtikisiko na kugusana na chuma. Kwa hiyo nafasi yake ni ile safari ndefu iliyonyooka kwenye fremu, ikiwa imefungwa isitikisike, na miisho yote miwili iishie kwenye mpira. Ukiipeleka mpaka kwenye injini, fundi wako atakuwa ameshinda ubishi.

Lakini kabla hujaikata, hakikisha kwanza kuwa bomba ndilo linalokusumbua asubuhi. Kwenye 1HZ hakuna pampu tangini inayosukuma mafuta. Pampu ya injekta iliyoko kwenye injini ndiyo inayoyavuta kutoka nyuma kabisa, kupitia filta. Maana yake ni kwamba gari likiwaka, ndani ya bomba lile kuna mvuto, hakuna presha. Tundu dogo la kutu halidondoshi kitu, linanyonya hewa. Gari likilala, hewa ile inaruhusu dizeli irudi tangini taratibu, na asubuhi unapiga starta mpaka betri inakata tamaa. Ndiyo sababu watu huinama chini ya gari kutafuta tone, wasilione, kisha wanapelekwa kubadilisha nozeli ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Kipimo chake ni rahisi. Tafuta mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, vipande viwili vya urefu wa kiganja. Kimoja kiunge kabla ya filta, kingine baada ya filta, vibane kwa klipu, kisha washa gari na utazame. Mwanzoni viputo vitapita, hiyo ni hewa uliyoingiza mwenyewe. Baada ya dakika chache mafuta yanatakiwa yapite safi. Ukiona msururu wa viputo kwenye kipande cha kwanza, hewa inaingia kutoka nyuma: bomba, au mipira ya juu ya tangi. Kikiwa safi cha kwanza na cha pili kina viputo, bomba halina hatia. Kosa liko kwenye kichwa cha filta, mara nyingi kwenye ile pampu ya mkono ya kujazia mafuta, ambayo mpira wake wa ndani hukauka. Kwa uhakika zaidi, chomoa njia ya tangi na uchovye mpira safi kwenye jerikeni ya dizeli uliyoiweka karibu na injini. Viputo vikiisha, umempata mwizi. Plastiki hiyo itoe ukimaliza. Joto la chini ya boneti litaifanya laini, nayo itakuwa chanzo kipya cha hewa.

Tuseme bomba limepatikana na hatia, na kwa maelezo yako sishangai. Tuitazame hiyo roli.

Alumini zinatofautiana sana. Ile inayofaa njia ya mafuta kwa kazi ya gereji inaitwa 3003 katika hali laini. Ina manganizi kidogo, kama asilimia moja na ushee, inayoifanya iwe na nguvu kuliko alumini tupu lakini bado ikunjike kwa mkono. Huuzwa ikiwa imeviringishwa, kama yako. Kuna 5052 yenye magnezi, ngumu zaidi kidogo, ambayo mafundi wa ndege wanaifahamu. Halafu kuna 6061 iliyokomazwa kwa joto, inayouzwa kwa fimbo zilizonyooka. Hiyo ni kali, lakini ukijaribu kutanua mdomo wake inapasuka, kwa hiyo iachie wenye mashine. Mwisho ni alumini karibu tupu ya kazi za friji na viyoyozi, na bomba jembamba la antena au la pazia lenye mshono ubavuni. Bomba la antena nimeliona kwenye gari, afande, na mwenyewe alijisifu jinsi lilivyong'aa.

Roli ikikosa maandishi, usikubali maneno ya muuzaji. Kata kipande cha sentimita kumi kutoka mwishoni. Angalia ndani kwa tochi: pakiwa na mstari wa mshono, rudisha. Pima ukuta kwa venia: kwa bomba la milimita 8 nataka angalau 0.9, na kwa la 10 nataka 1.2, hasa kwa gari linalokula barabara za marram za huko kwenu West Nile. Kisha tanua mdomo wa kipande hicho na utazame ukingo kwa kioo cha kukuzia, au hata kwa kamera ya simu ukiivuta karibu. Ukingo mzuri ni laini, hauna mkwaruzo. Ukiona nyufa ndogo kama nywele, bomba hilo ni gumu mno au limeshachoka. Roli nzima haikufai.

Watu huniuliza sana kuhusu presha, na hapo ndipo alumini haina tatizo. Bomba la 3003 laini lenye kipenyo cha inchi tatu za nane na ukuta wa milimita 0.9, kwa hesabu ya nguvu ya metali yenyewe, linahitaji zaidi ya baa 150 kupasuka. Njia yako ya dizeli haifiki hata baa moja. Hata petroli ya injini ya injekta huwa baa 3 hadi 4 tu. Anayekwambia alumini itapasuka kwa presha ya mafuta hajapiga hesabu. Ila elewa mpaka wake: hayo ni ya upande wa kabla ya pampu. Yale mabomba mafupi ya chuma kutoka pampu ya injekta kwenda kwenye nozeli yanabeba zaidi ya baa 100 kwenye 1HZ, na kwenye injini mpya za komoni reli (zenye bomba moja la presha linalogawia nozeli zote) yanabeba zaidi ya 1,000. Huko hakuna mjadala, ni chuma cha kiwandani, na bomba lililopinda au kukwaruzika linabadilishwa zima.

Kuhusu magari ya mashindano, muuzaji hakudanganya. Magari ya rali, pamoja na yanayokimbia Pearl of Africa hapa kwetu, yanapunguza uzito popote, na uzito wa alumini ni karibu theluthi moja ya uzito wa chuma. Lakini gari la rali linakaguliwa kila baada ya mbio, nati kwa nati. Lako litaingia gereji likikwama. Na uzito utakaookoa kwa bomba la mita nne hautafika hata kilo moja, kwenye gari linalopita tani mbili. Kwa hiyo sababu za kuchagua alumini ziwe hizi tu: haishiki kutu nyekundu na inakunjika bila mashine kubwa. Kama ungeniuliza kabla hujanunua, ningekwambia utafute bomba la chuma lililopakwa plastiki, au lile la kopa na nikeli. Kwa kuwa roli unayo, na kipimo kikisema ni nzuri, tuifunge vizuri.

Saizi ifuate bomba la zamani. Safisha sehemu isiyooza kwa msasa, pima kipenyo cha nje. Hapa ndipo mitego ilipo, kwa sababu Toyota inahesabu kwa milimita na roli nyingi za alumini zinahesabiwa kwa inchi. Inchi tano za kumi na sita ni milimita 7.94, hiyo inakaa vizuri kwenye mpira wa 8. Lakini inchi tatu za nane ni milimita 9.53, na mpira wa 10 utaivaa kwa ulegevu. Nusu milimita hiyo haionekani kwa macho, ukikaza klipu utadhani imeshika, ila kwenye njia inayovuta ni mlango wa hewa. Nunua mpira unaolingana na bomba, na kama upande wa filta una mdomo wa saizi nyingine, tumia kiungo cha kubadilisha saizi. Usimtegemee klipu akufanyie kazi hiyo. Usishuke pia kwenye bomba jembamba kuliko la zamani. Ukuta wa alumini ni mnene, kwa hiyo tundu la ndani linakuwa dogo hata nje ikilingana, na pampu inayovuta kupitia tundu dogo inachoka bure. Ukibabaika kati ya saizi mbili, chukua kubwa.

Bomba la kurudisha mafuta tangini libadilishe siku hiyo hiyo. Limepita njia moja na lile lililooza, limekaa kwenye tope moja.

Kukunjua roli: iweke sakafuni, kanyaga mwisho wake juu ya ubao, isukume ikiviringika mbele huku ukiinyoosha kwa kiganja. Usiivute juu ya goti. Alumini inakakamaa kila unapoikunja, na ukiikunja, ukainyoosha, ukaikunja tena mahali palepale, umeshaiua hapo hata kama hakuna ufa unaoonekana. Kwa hiyo chukua waya mgumu kwanza, uulaze kwenye njia ya bomba la zamani, uupinde mpaka ukae, kisha ndio unakili waya huo kwenye alumini kwa kukunja mara moja tu. Nusu kipenyo cha kona kisipungue mara tatu ya kipenyo cha nje cha bomba, yaani kwa bomba la 10 upinde wako uzunguke kitu chenye upana wa milimita 60. Tumia kifaa cha kukunjia cha mafundi wa friji. Kona ikibonyea na kuwa bapa, kata, anza upya.

Kata kwa kikata bomba cha gurudumu, na uzungushe kwa subira. Msumeno wa chuma unaacha unga na vinyuzi vya alumini ambavyo vinakwenda moja kwa moja kwenye filta, na vikipita filta vinakutana na pampu yenye sehemu zilizosuguliwa kwa vipimo vidogo kuliko unywele. Baada ya kukata, kwangua ukingo wa ndani kwa ncha ya kisu, bomba likiwa limeinamishwa ili takataka zianguke nje. Kisha vuta kitambaa kisichoacha nyuzi kwa waya, suuza kwa dizeli safi, puliza kwa kompresa. Ziba miisho kwa tepu mpaka dakika ya kuunga.

Sasa viungo, na hapa naomba usome polepole.

Mwisho wa bomba usiachwe mtupu. Mpira uliovishwa kwenye bomba laini lisilo na kivimbe unachomoka au unanyonya hewa. Unahitaji kivimbe cha kuzunguka hapo mwishoni. Huhitaji mashine maalumu: kile kifaa cha kutanulia midomo ya breki kina vidude vidogo vya hatua ya kwanza, vinavyofanya mdomo uwe mviringo kabla ya kuukunja ndani. Ishia hatua hiyo ya kwanza. Unapata kivimbe laini, cha kutosha kabisa kwa mpira. Paka dizeli kidogo, sukuma mpira upite kivimbe kwa sentimita mbili na nusu au tatu, halafu klipu ikae nyuma ya kivimbe, upande wa mbali na mwisho wa bomba. Ukiiweka juu ya kivimbe inateleza. Klipu nzuri ni ile ya duara lililofungwa lisilo na mikato, inayokazwa kwa skrubu ndogo ya kando. Zile za mikato, za kukaza kwa bisibisi, zinakata mpira na kubonyeza alumini. Nimefungua nyingi nikakuta alama za meno kwenye bomba.

Mpira uwe wa mafuta. Ulioandikwa J30R7 unatosha kwa dizeli yako. J30R9 ni wa petroli ya injekta. Mpira wa maji, wa gesi ya jikoni na ule wa kupulizia magurudumu utavimba na kulainika ndani, na kwenye njia inayovuta utajifunga wenyewe kama mrija wa soda ulioshikwa na vidole. Gari linakosa nguvu mlimani, ukilisimamisha linapona, na hutajua kwa nini.

Kuna wanaopenda viungo vya nati na mdomo uliotanuliwa. Vinashika vizuri zaidi kuliko mpira, kwa sharti la pembe. Viungo vya mtindo wa ndege, ambavyo namba yake ya 6 ni bomba la inchi tatu za nane na namba 8 ni la nusu inchi, vina pembe ya digrii 37. Vifaa vinavyouzwa kwa wingi Kisekka, kwenye spea za magari Kampala, na kwa mafundi wa friji ni vya digrii 45. Ukitanua kwa 45 ukakaza kwenye 37, inaonekana imekaa, lakini imeshikana kwenye mstari mwembamba tu, na alumini inapasuka hapo hapo baada ya muda. Tafuta kifaa cha 37, tia kile kipete cha kuzuia nati isisokote bomba, kaza kwa vidole mpaka mwisho, halafu spana kama sehemu ya sita ya mzunguko, yaani upande mmoja wa nati. Ikivuja ongeza kidogo sana. Alumini ukiikaza kama chuma unaipunguza unene mdomoni. Pete za kubana za brasi ziache, hasa kwenye njia ya mvuto. Na tepu nyeupe ya mabomba ya maji isionekane karibu na mafuta. Vipande vyake vinaishia kwenye pampu.

Kwako wewe, huko Arua, mimi ningefunga bomba moja refu lisilo na kiungo katikati, kivimbe kila mwisho, mpira mfupi nyuma kwenye tangi na mpira wa sentimita 30 hivi mbele kati ya fremu na filta, wenye ulegevu kidogo. Injini inacheza juu ya maunti zake za mpira. Fremu haichezi nayo. Mpira huo wa mbele ndio unaomeza tofauti yao.

Kisha klempu. Nenda ukatazame lile bomba la chuma limeoza wapi hasa. Nina hakika ni chini ya klempu, pale tope linapokaa na kulowana. Alumini ikigusa chuma ndani ya tope la maji hali yake ni mbaya kuliko ya chuma chenyewe: metali mbili tofauti na unyevu katikati hufanya umeme mdogo, na anayeliwa ni alumini. Utaona unga mweupe, na chini ya unga vishimo. Kwa hiyo pasiwe na mahali hata pamoja alumini inapogusa fremu, klempu, skrubu au bomba la breki. Tumia klempu zenye mpira ndani. Ukizikosa, kata mpira wa mafuta vipande vya sentimita nne, vipasue kwa urefu, vivishe kwenye bomba, kisha bana na klempu za zamani ulizozisugua na kuzipaka rangi. Ukanda wa tyubu ya baiskeli, ambao ndio dawa yetu ya kila kitu, hapa haufai: dizeli inaulainisha na unafuga tope.

Klempu moja kila sentimita 40 hadi 45, na moja karibu na kila mwisho, isizidi sentimita 10 kutoka kwenye mpira. Nafasi ikiwa kubwa bomba linacheza, na alumini haina kiwango cha mtikisiko ambacho chini yake iko salama milele. Inahesabu kila tikisiko mpaka siku ya ufa. Bana imara bila kulibonyeza. Tumia matundu ya zamani ya fremu, usitoboe karibu na tangi. Njia iwe upande wa ndani wa fremu, juu ya krosimemba (vyuma vinavyokatiza fremu) na si chini yake, mbali na propela shafti na mbali na mawe ya magurudumu ya mbele. Ekzosi iachie nafasi ya kutosha, kiganja kizima au zaidi. Alumini huyeyuka kwenye digrii 660, lakini hupoteza nguvu mapema sana kabla ya hapo, na gari likishika moto bomba hilo halitasubiri kama chuma.

Wenye takisi za petroli wanaosoma hapa wasichukue jibu la afande wakaliweka kwenye gari zao. Kwenu bomba lina presha, kiungo kikilegea petroli inarushwa, na ekzosi iko jirani. Kama ni lazima, viungo viwe vya nati ya digrii 37 na mipira ya R9, presha itolewe kwanza, waya hasi wa betri uchomolewe, na kizimamoto cha unga kiwe mkononi. Mimi ningewafungia chuma. Tena Uganda ina sheria ya nishati ya mimea ya mwaka 2020 inayoweka utaratibu wa kuchanganya ethanoli kwenye petroli. Kiasi kidogo cha ethanoli hakiisumbui sana alumini, ila ethanoli iliyovuta maji na kukaa bila kutumika inaitoboa, na methanoli ni mbaya zaidi. Gari la petroli linalosimama miezi lisifungwe alumini.

Dizeli yako nayo ina adui wa maji. Fungua kile kizibo cha chini ya filta kila wiki, mwaga mpaka itoke dizeli safi. Maji yanayolala kwenye sehemu ya chini ya bomba ndiyo yanayoanza vishimo kutoka ndani, ambako huoni.

Ukimaliza kufunga, jaza kwa pampu ya mkono mpaka iwe ngumu, washa, rudisha ile plastiki ya kuona viputo kwa siku moja. Mafuta yakipita safi, liendeshe gari mitaani, kisha lala chini na upapase kila klempu kwa vidole. Rudia baada ya wiki, halafu kila unapobadilisha oili. Unachotafuta ni unga mweupe, mng'aro mpya mahali bomba linaposuguliwa, na unyevu wa dizeli uliovuta vumbi. Ukikuta ufa, usiende kwa mtu wa kuchomelea. Kuchomelea bomba la mafuta ni hatari, na alumini laini iliyochomelewa haitadumu kwenye mtikisiko. Kata sehemu hiyo, fanya vivimbe viwili, unga kwa mpira.

Kwa hiyo ndani ya gari weka nusu mita ya mpira wa mafuta wa saizi yako, klipu nne, kikata bomba kidogo na kile kidude cha kufanyia kivimbe. Bomba likikatika kati ya Karuma na Pakwach utafanya kazi hiyo chini ya mti na uendelee na safari.